Loji Nne na Kilabu cha Pombe Kando ya Kanisa la Mtakatifu Paulo: Uchambuzi wa Kisa cha London, 1717

Tarehe 24 Juni 1717, siku ambayo Wakristo huadhimisha kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, wanaume wa loji nne za Mafrimasoni, yaani matawi ya udugu wa wanaume ulioazima jina na alama zake kwa waashi wa mawe, walikusanyika, kwa mujibu wa simulizi inayorudiwa kuliko zote, katika kilabu cha pombe kilichokuwa kando ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London. Kilabu hicho kiliitwa Goose and Gridiron, yaani bata bukini na chanja ya chuma ya kuchomea nyama, kwa sababu hiyo ndiyo picha iliyokuwa kwenye kibao cha mlangoni. Kabla ya chakula, mwashi mkongwe kuliko wote miongoni mwa wakuu wa loji aliketi kitini na kupendekeza majina ya waliofaa kuongoza, na waliokuwepo wakainua mikono kumchagua muungwana Anthony Sayer kuwa Bwana Mkuu wa waashi. Wasimamizi wake wawili walikuwa Kapteni Joseph Elliot na seremala Jacob Lamball. Baada ya hapo karamu ikaendelea.

Tukio hilo dogo ndilo ambalo Mafrimasoni wa nchi nyingi hulihesabu kuwa kuzaliwa kwa Loji Kuu ya kwanza duniani, yaani chombo kinachoziunganisha loji chini ya uongozi mmoja. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, miji ambayo yote miwili ina majengo ya Mafrimasoni na ambako jina hilo limebebeshwa uvumi mwingi wa utajiri wa ghafla na makafara, ana sababu nzuri ya kulitazama kwa makini, kwa kuwa kumbukumbu zilizopo zinatupeleka mahali ambapo uvumi haujawahi kutupeleka: kwenye chumba cha ghorofani juu ya kaunta ya bia. Nimelichagua kama kisa kimoja cha kuchambua kwa sababu linauliza swali ambalo historia nyingi za Ufrimasoni hulipita haraka. Je, kilabu kile kilikuwa paa tu la kujikinga na mvua ya London, au kilishiriki kuufanya Ufrimasoni uwe vile ulivyokuja kuwa? Maoni yangu, ambayo nitayatetea kwa ushahidi, ni kwamba kilishiriki, tena kwa kiasi kikubwa, na kwamba hata utata unaoizunguka tarehe yenyewe ya 1717 unatokana kwa sehemu na aina ya nyumba ambamo mambo haya yalifanyika.

Kwanza tuzitazame nyumba zenyewe. Waingereza wa zama hizo walitofautisha nyumba za vinywaji za aina tatu, na tofauti hizo zilibeba uzito wa kitabaka. Kulikuwa na nyumba za wageni, zilizowapa wasafiri vitanda na farasi wao mazizi. Kulikuwa na nyumba za mvinyo, ambazo Waingereza waliziita tavern, zenye vyumba vizuri na wateja wenye fedha. Na kulikuwa na vilabu vya bia, ambako fundi aliyetoka kazini aliweza kukaa bila kuulizwa ukoo wake. Mchungaji James Anderson, Mskoti wa madhehebu ya Kipresbiteri ambaye ndiye chanzo chetu kikuu, aliziorodhesha loji nne kwa kuzingatia tofauti hiyo. Mbili zilikutana katika vilabu vya bia, yaani Goose and Gridiron, na Crown iliyokuwa Parker's Lane karibu na Drury Lane. Mbili zilikutana katika nyumba za mvinyo, yaani Apple Tree katika mtaa wa Charles huko Covent Garden, na Rummer and Grapes katika Channel Row, Westminster. Anaeleza pia kwamba kikao cha maandalizi kilifanyika kabla ya hapo Apple Tree, ambako walikubaliana kufufua vikao vya robo mwaka, kufanya karamu kila mwaka, na kuchagua kiongozi miongoni mwao hadi watakapobahatika kupata mtu wa ukoo wa kikabaila wa kuwaongoza.

Ramani ya nyumba hizo nne inasema mengi. Goose and Gridiron ilisimama katika eneo lililoteketea katika Moto Mkuu wa 1666 na kujengwa upya, chini ya kanisa ambalo ujenzi wake chini ya Christopher Wren ulitangazwa kukamilika mwaka 1711. Mapokeo ya loji yanapenda kuwaweka hapo mafundi waliojenga kanisa, ingawa mapokeo hayo yana nguvu zaidi ya hisia kuliko ya ushahidi. Channel Row, kwa upande wake, ilikuwa hatua chache kutoka Bungeni, na katika mtaa huo huo aliishi John Theophilus Desaguliers, mzaliwa wa La Rochelle huko Ufaransa, mtoto wa wakimbizi wa Kiprotestanti, mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ambaye nyumbani kwake alitoa mihadhara ya kulipia na kuonyesha kwa vyombo na majaribio jinsi fizikia ya Newton inavyofanya kazi. Desaguliers alikuwa Bwana Mkuu mwaka 1719. Loji ya Rummer and Grapes, baada ya kuhamia nyumba ya mvinyo iliyoitwa Horn, ndiyo iliyokuja kuwa na makabaila na wasomi wengi kuliko zile nyingine tatu. Kwa hiyo umoja wa 1717, kama ulitokea vile Anderson anavyosema, uliwaunganisha watu wa bia na watu wa mvinyo, na si jambo dogo katika mji uliojua vizuri nani anakunywa nini na wapi.

Kwa nini hawakukutana kwenye jumba la waashi? Jumba lilikuwepo. Chama cha kale cha waashi wa London kilikuwa na jengo lake, na Elias Ashmole, msomi na mkusanyaji wa mambo ya kale aliyeingizwa Ufrimasoni mjini Warrington tarehe 16 Oktoba 1646, aliandika katika shajara yake kwamba Machi 1682 aliitwa kuhudhuria loji katika jengo hilo. Jambo ambalo wasomaji wengi wa shajara hiyo hulipita ni lile linalofuata. Baada ya shughuli, Ashmole anasema, wote walikwenda kula katika nyumba ya mvinyo ya Half Moon iliyokuwa Cheapside, karamu iliyoandaliwa kwa gharama za wale waliopokelewa siku hiyo. Miaka 35 kabla ya mkutano wa Goose and Gridiron tunaiona tayari njia iliyokanyagwa, kutoka kwenye ibada hadi kwenye meza, na gharama ikiwa juu ya mwanachama mpya. Loji za 1717 zilifupisha njia hiyo kwa kuiweka ibada na meza chini ya paa moja.

Hesabu ya fedha nayo ilielekeza huko huko. Loji ya kawaida ilikuwa na watu wachache waliokutana mara moja au mbili kwa mwezi, na watu wa namna hiyo hawajengi jumba. Mwenye kilabu alikuwa na chumba cha ghorofani ambacho siku nyingi kilikaa kitupu, na alikubali kwa furaha kukitoa kwa kikundi chochote ambacho kingekula na kunywa kwake. Ndivyo zilivyoishi klabu za kila aina jijini humo, za washairi, za wafanyabiashara, za wapenda muziki, za wachunguzi wa mimea. Kiswahili chetu kimeuhifadhi ujirani huo bila sisi kuuona, kwa kuwa kilabu anamouza pombe mama ntilie wa jioni na klabu yenye wanachama na katiba ni neno moja lililoingia kwetu mara mbili. Mwenye nyumba alipata mauzo ya uhakika na loji ikapata chumba, moto wa kuni na mlango unaofungwa.

Faida ya tatu ilikuwa kutokuwa na upande, na kuidumisha kulihitaji nidhamu. Mwaka 1715 wafuasi wa ukoo wa Stuart, uliokuwa umeondolewa kwenye ufalme, waliasi dhidi ya Mfalme George wa Kwanza, aliyekuwa amefika kutoka Hanover mwaka mmoja tu kabla, na nyumba nyingi za vinywaji za London zilijulikana kwa siasa za wateja wake kiasi kwamba kunywa kwa afya ya mtu fulani katika nyumba fulani kungeweza kuzua ngumi. Katiba ya Mafrimasoni iliyochapishwa mwaka 1723 iliwakataza ndugu kuingiza mlangoni mwa loji ugomvi wa dini, wa mataifa au wa siasa za dola. Wengi husoma kanuni hiyo kama falsafa ya zama za mwanga, na sina ubishi kwamba falsafa imo. Hata hivyo kifungu hicho kinapaswa kusomwa pamoja na kile kinachohusu mwenendo wa ndugu baada ya loji kufungwa na kabla ya watu kuondoka, kinachowaruhusu kufurahi kwa uchangamfu usio na hatia, kukirimiana kila mtu kwa uwezo wake, lakini waepuke kupita kiasi, wasimlazimishe ndugu kula au kunywa zaidi ya anavyopenda, wala wasimzuie kuondoka anapoitwa na shughuli zake. Mwandishi wa maneno hayo alikuwa na mezani pake picha kamili ya usiku ndani ya nyumba ya mvinyo. Ni kanuni za watu waliojua kwamba jamii yao itavunjika siku glasi ya nne itakapokutana na jina la mfalme.

Tukiingia ndani ya chumba chenyewe, alama za kilabu zinaongezeka. Chumba kilikuwa cha mwenye nyumba, na kesho yake kingetumiwa na watu wengine, hivyo loji haikuweza kuacha kitu. Ramani ya ishara iliyohitajika katika kumpokea mwanachama ilichorwa sakafuni kwa chaki na makaa, na sherehe ilipokwisha ilifutwa kwa ndoo ya maji na dekio. Kazi ya kuchora mara nyingi ilikuwa ya bawabu, ambaye ndiye pia aliyepeleka barua za mwito na kusimama nje ya mlango na upanga, ili mtumishi anayepandisha chupa au mteja aliyepotea ngazi asiingie katikati ya kiapo. Baadaye zilikuja tepe na misumari badala ya chaki, kisha vitambaa vilivyochorwa, na mwishowe mbao za picha zinazotumiwa hadi leo. Mabadiliko hayo hayakupokelewa na wote kwa moyo mmoja. Tangazo la kejeli lililochapishwa London katika miaka ya 1720 lililalamikia tepe na herufi za kuhamishika zilizoletwa na Daktari fulani, ambaye wengi huamini ni Desaguliers, kwamba zinaivunjia heshima ndoo na dekio. Mwandishi wa dhihaka asingechagua vifaa hivyo viwili kama wasomaji wake wasingevijua.

Lugha ya loji nayo imebaki na harufu ya nyumba ile. Hadi sasa loji huitwa kutoka kazini kwenda kwenye maburudisho na kurudishwa kutoka kwenye maburudisho hadi kazini, na msimamizi mmoja ndiye mwenye jukumu la kuangalia kwamba maburudisho hayageuki kuwa ulevi. Glasi zenye kitako kinene, zilizotengenezwa ili zigongwe mezani kwa pamoja baada ya kunywa kwa heshima ya mtu, ni chombo cha ibada ya meza kilichozaliwa mezani. Wimbo wa mwanagenzi uliotungwa na mwigizaji Matthew Birkhead ulichapishwa ndani ya Katiba ya 1723 yenyewe, jambo linaloonyesha kwamba waliotunga sheria hawakuona aibu kuweka wimbo wa kuimbwa na glasi mkononi karibu na kanuni za uongozi.

Lililonigusa zaidi katika kuchunguza kisa hiki ni suala la majina. Loji hizi hazikuwa na majina yao wenyewe. Mtu alisema anatoka loji ya Horn au loji ya Crown, na jina hilo lilikuwa la nyumba. Mchongaji John Pine alipoanza kuchapisha orodha za loji katika miaka ya 1720, kila loji aliitambulisha kwa picha ndogo ya kibao cha nyumba yake, bata hapa, pembe pale, taji kule, pamoja na mtaa na siku za vikao, kama vile mpita njia angeviona vibao hivyo akiwa amesimama barabarani. Mwenye nyumba alipofariki, alipofilisika au alipopandisha gharama, loji ilihama na jina likabadilika pamoja nayo. Mwanahistoria anayeifuatilia loji moja kwa miaka 50 analazimika kuifuata kama mtu anayemfuata jirani aliyehama nyumba sita za kupanga.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha ugumu wa kisa hiki, yaani ushahidi. Maelezo ya mkutano wa 1717 niliyoyatoa mwanzoni hayatoki kwenye kitabu cha mihutasari kilichoandikwa siku ile. Yanatoka katika toleo la pili la Katiba ya Anderson, lililochapishwa mwaka 1738, miaka 21 baada ya tukio. Toleo la kwanza la mwaka 1723, lililoandikwa na Anderson huyo huyo wakati mashahidi wengi walikuwa hai na kumbukumbu zao zikiwa bado mbichi, halisemi neno juu ya Goose and Gridiron. Mihutasari rasmi ya Loji Kuu inaanza tarehe 24 Juni 1723. Kati ya hapo na 1717 tuna miaka sita isiyo na mihutasari rasmi yoyote.

Shahidi wa karibu zaidi na wakati huo ni William Stukeley, tabibu, mchunguzi wa magofu ya Stonehenge na rafiki wa Newton. Aliandika kwamba tarehe 6 Januari 1721 alifanywa Frimasoni katika nyumba ya mvinyo ya Salutation, mtaa wa Tavistock, na akaongeza kwamba alikuwa mtu wa kwanza kufanywa Frimasoni jijini London kwa miaka mingi, na kwamba ilikuwa shida kubwa kupata wanachama wa kutosha kuifanya sherehe. Kisha anasema jambo lilishika kasi na kukimbia hadi likaishiwa pumzi kwa upumbavu wa wanachama. Tarehe 24 Juni mwaka huo huo anataja karamu ya Mafrimasoni katika ukumbi wa chama cha wauza vitabu, Stationers' Hall, akiwepo Duke wa Montagu, na Desaguliers akitoa hotuba. Mwezi Desemba loji mpya iliundwa katika nyumba ya mvinyo ya Fountain, mtaa wa Strand, na Stukeley mwenyewe akachaguliwa kuwa mkuu wake.

Kwa kutegemea ushahidi wa aina hii wanahistoria Andrew Prescott na Susan Mitchell Sommers walitoa hoja mwaka 2016, mwaka mmoja tu kabla ya sherehe za miaka 300, kwamba Loji Kuu ilianzishwa kweli mwaka 1721, pale Duke wa Montagu alipokubali uongozi, na kwamba mkutano wa Goose and Gridiron ni hadithi iliyotungwa baadaye. Wengine walisimama kuitetea tarehe ya zamani, na ubishi ulikuwa mkali. Hoja ya Prescott na Sommers ina uzito ambao haupaswi kupuuzwa kwa sababu ya sherehe. Mtu anayesema kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyeingizwa London haendani vizuri na picha ya Loji Kuu iliyokuwa ikistawi tangu 1717.

Hata hivyo upo ushahidi mmoja ambao, kwa maoni yangu, unazuia kuitupa simulizi yote. Tarehe 21 Aprili 1730 Loji Kuu ilisomewa ombi la Anthony Sayer, aliyeeleza misiba yake na umaskini mkubwa uliompata na kuomba msaada. Mihutasari inamtaja kuwa aliwahi kuwa Bwana Mkuu. Wengine walipendekeza apewe pauni 20, wengine 10, wengine 15, na baada ya kura ikaamuliwa apewe 15 kwa sababu aliwahi kushika cheo hicho. Hii ni miaka 8 kabla Anderson hajachapisha maelezo yake, na fedha zilizotolewa zilikuwa za mfuko wa hisani uliolindwa kwa wivu. Watu wazima wanaobishana juu ya pauni 5 hawampi mtu fedha kwa cheo ambacho wanajua hakuwahi kuwa nacho, na ndani ya chumba kile walikuwemo waliokuwa Mafrimasoni kwa miaka mingi. Kwa hiyo ninaamini kwamba kabla ya Montagu palikuwa na uongozi wa aina fulani, mdogo, uliounganisha loji chache zilizokuwa zikififia, na kwamba Sayer aliuongoza. Kuhusu maelezo ya Anderson ya nani alikaa kiti gani, nayachukua kama kumbukumbu za wazee zilizopambwa na mwandishi aliyekuwa akiandika historia yenye fahari.

Pengo hilo la miaka sita linaeleweka vizuri zaidi tunapokumbuka mahali. Chama chenye jumba huwa na kabati na karani, na mihutasari yake hukaa mahali pamoja. Loji ya kwenye kilabu huwa na sanduku moja linalobebwa na mtu, na pengine kitabu cha hesabu za chakula, na siku inapohama hubeba kile tu ambacho mwanachama fulani alikumbuka kubeba. Umbo la nyumba lilisaidia kuamua nini kingekumbukwa.

Hatima ya loji nne inaonyesha jambo hilo waziwazi. Ile ya Goose and Gridiron ilihama, ikaishi kwa muda mrefu katika Queen's Arms isiyo mbali na kanisa lile lile, na mwaka 1770 ikachukua jina la Lodge of Antiquity; ulipofika muungano wa 1813 kati ya Loji Kuu hiyo na nyingine iliyokuwa ikishindana nayo, namba moja ilipigiwa kura ya bahati na upande wa mshindani ukaipata, kwa hiyo loji inayojiona kongwe kuliko zote imebeba namba 2 hadi leo. Ile ya Rummer and Grapes ni Royal Somerset House and Inverness, namba IV. Ile ya Apple Tree ilihamia Queen's Head, mwaka 1723 ikakubali hati mpya ya kuanzishwa ambayo haikuihitaji, na kwa kosa hilo ikapoteza nafasi yake ya ukongwe. Sasa ni namba 12. Ile ya Crown ilikufa kabla ya katikati ya karne hiyo. Kilabu chenyewe cha Goose and Gridiron kilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19.

Haitakuwa haki kulieleza jambo hili kana kwamba pombe ilikuwa chombo cha udugu tu. Mchoraji William Hogarth, aliyekuwa Frimasoni mwenyewe, alichapisha mwaka 1738 picha ya usiku karibu na Charing Cross ambamo mkuu wa loji, akiwa amevaa aproni na alama ya pembe ya kupimia kifuani, anapelekwa nyumbani amelewa, akishikiliwa na bawabu wake, huku kutoka dirishani mtu akimwaga chungu cha uchafu juu ya kichwa chake. Vibao vya nyumba za mvinyo vinaonekana pande zote za barabara. Hogarth alikuwa akiwaonya ndugu zake, na alijua anachokisema. Utaratibu uliozipa loji chumba bila kodi ulizifunga pia kwenye mauzo ya mwenye nyumba, na loji yenye kiasi haikuwa mteja anayependwa.

Ndiyo maana katika nusu ya pili ya karne hiyo Loji Kuu ilitafuta nyumba yake. Kabla ya hapo, mwaka 1751, kundi lililojumuisha Wairishi wengi wa tabaka la mafundi lilikuwa limeanzisha Loji Kuu nyingine ya kushindana nayo, na hata hao walianzia katika nyumba ya mvinyo, Turk's Head ya mtaa wa Greek huko Soho. Jiwe la msingi la ukumbi wa Loji Kuu ya zamani liliwekwa Great Queen Street tarehe 1 Mei 1775, na ukumbi uliobuniwa na Thomas Sandby ukafunguliwa mwezi Mei 1776. Ulijengwa nyuma, uwanjani, na nyumba iliyotazama barabara ikageuzwa kuwa Freemasons' Tavern. Baada ya karibu miaka 60 ya kuwa wapangaji wa wauza mvinyo, Mafrimasoni walipopata ardhi yao waliweka nyumba ya mvinyo mlangoni. Katika nyumba hiyo, tarehe 26 Oktoba 1863, wawakilishi wa timu za London na vitongoji vyake walikaa na kuunda Chama cha Soka cha Uingereza, nao wakikutana katika chumba cha nyumba ya mvinyo kama loji zilivyokuwa zikifanya.

Anthony Sayer hakuufikia wakati wa ukumbi wa Great Queen Street. Baada ya kupewa pauni zake 15 mwaka 1730 alishtakiwa mwaka huo huo mbele ya Loji Kuu kwa kufanya shughuli za kuwaingiza watu nje ya utaratibu. Baada ya mjadala, kosa lake likahesabiwa kuwa ukiukaji wa taratibu na si udanganyifu, akaachiliwa na kuonywa asirudie. Miaka iliyofuata aliishi kwa ujira wa bawabu wa loji ya Old King's Arms, na mtu aliyechaguliwa kwa mikono iliyoinuliwa ndani ya chumba cha Goose and Gridiron akawa anasimama nje ya mlango wa chumba kama hicho, akiwasikia wengine wakigonga glasi. Gazeti la London la Januari 1742 lilitangaza kifo chake, akiwa na umri wa takriban miaka 70, na kumtaja kuwa Bwana Mkuu wa 1717. Alizikwa katika kanisa la Covent Garden, na Mafrimasoni wengi wenye vyeo waliusindikiza mwili wake wakitokea kwenye nyumba ya mvinyo ya Shakespear's Head, iliyokuwa upande wa pili wa uwanja.